Amana ya Mpiga Taipu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi sauti inavyonaswa. Leo tumtazame yule aketiye na visikizi masikioni akayatia maneno ya mnenaji katika karatasi, kazi ambayo wengi huidhania kuwa ya vidole tu, ilhali ni ya sikio na amana.

Uzito wa kazi hiyo ni dhahiri katika nchi ya Waborana wa Isiolo, tangu Garba Tula hata Merti na Korbesa. Wakati wa Vita vya Shifta, uasi wa kutaka kujitenga uliokuwa kaskazini mwa Kenya, 1963 hadi 1967, wafugaji wa huko walikusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Kisha Sheria ya Kinga ya 1970 ikaufunga mlango wa mahakama kwa yaliyotendwa na watumishi wa serikali tangu tarehe 25 Desemba 1963 hata 1 Desemba 1967. Basi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika Isiolo mwaka 2011 kusikiliza mashahidi, ushahidi ulikuwa umekaa vifuani mwa wazee zaidi ya miaka arobaini, wala hapakuwa na daftari la kadhi wala la hakimu la kuulinganisha nao.

Saa moja ya maneno yaliyonaswa aghalabu hutaka saa nne za kupiga taipu, na zaidi wanenaji wakiwa wengi au upepo ukivuma. Neno lisilosikika hutiwa alama. Kulikisia ni kumlisha shahidi maneno. Lakini hatari kubwa ni nyingine. Mpiga taipu asiyejua Kiborana hana budi kuandika sauti ya mkalimani: mzee hutaja ngamia wake mmoja mmoja, kwa rangi na umri, na kisima walichonyweshwa, na aliyekuwapo siku ile; naye mkalimani, akibanwa na wakati, husema kwamba mzee alipoteza mifugo mingi, na hilo ndilo liandikwalo. Hasara iliyokuwa na hesabu yake kamili huwa imepotea mara ya pili.

Rai yangu ni kwamba kanda iandikwe kwanza kwa Kiborana, kwa hati ya Qubee, yaani herufi za Kilatini za Kioromo, ambacho Kiborana ni lahaja yake, iliyokubaliwa Ethiopia mwaka 1991, nayo huzipambanua konsonanti zilizokazwa na irabu ndefu na fupi, ndipo tafsiri ifuate kando yake. Wapewe kazi hiyo vijana wa Merti na Korbesa wenyewe, kwa ujira wa fundi, na kila ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya msemaji, maadamu yu hai, apate kusahihisha majina ya watu, visima na malisho ambayo mgeni hawezi kuyajua.