Mashariki mwa RDC: Vijana wanaomba somo la Éducation à la vie lifundishwe kweli

Kwenye biletini ya mwanafunzi wa sekondari kuna mstari ambao wazazi wengi wanaupita haraka: Éducation à la vie. Maxima ni 10 kwa peryode, sawa na somo la dini. Mtoto akipata 7 ao 8, mzazi anaridhika, macho yake yanakimbilia hesabu na Kifaransa.

Vijana wanaotetea afya ya uzazi katika miji ya mashariki, kutoka Bunia hadi Bukavu, wanauliza kuhusu pointi hizo: mtoto amejifunza nini?

Somo hilo linapaswa kueleza namna mwili unavyobadilika, mimba, magonjwa ya zinaa na UKIMWI. Lakini mara nyingi mwalimu akifika kwenye sura ya uzazi anaipita mbio, ao anaigeuza mawaidha: wasichana, mujichunge. Saa inayobaki inamalizia somo lingine. Tusimulaumu mwalimu peke yake. Wengi hawakufundishwa namna ya kusema mambo hayo mbele ya darasa lililojaa, na kwa Kiswahili chetu majina ya viungo vya uzazi yanasikika kama matusi.

Matokeo yanajulikana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba ya kwanza.

Huku mashariki kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Msichana aliyebakwa anaweza kukingwa na virusi vya UKIMWI ikiwa anaanza dawa kabla ya masaa 72 kupita. Dawa ya kuzuia mimba nayo inatolewa ndani ya siku tano, na kadiri inavyocheleweshwa nguvu yake inapungua. Asiyejua hayo anakaa nyumbani, anaoga, ananyamaza kwa haya. Anapofika kituo cha afya wiki ya pili, muuguzi anaweza kutibu vidonda na kupima, lakini kinga ile imekwisha kupita. Masaa 72 ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulifundisha kwa dakika tano.

Wazazi wengi na viongozi wa dini wanaogopa kwamba masomo hayo yatafungulia watoto mlango wa uasherati. Sauti yao ina uzito: tangu mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za serikali zinasimamiwa na makanisa. Wengine wanakumbusha kwamba sheria ya 2006 juu ya jeuri ya kijinsia haikubali ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 18; basi kwa nini kumfundisha?

Vijana wanaipokea hoja hiyo na kuigeuza. Sheria hiyo yenyewe haielezwi darasani. Kuna wavulana wanaoisikia kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya parke, kwa sababu ya mpenzi wa miaka 16. Kuhusu uasherati, mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa 2018, baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, unasema masomo haya hayaharakishi vijana kuanza ngono. Na nyumbani, mashangazi waliokuwa wakiongea na wasichana wametawanywa na vita. Simu ndiyo imechukua nafasi yao.

Serikali ilikwisha kuahidi. Desemba 2013, huko Cape Town, Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizokubali kuleta elimu hii shuleni. Itifaki ya Maputo, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la nchi 2018, inataja haki ya mwanamke kufundishwa uzazi wa mpango.

Kwa hiyo vijana hawaombi sheria mpya. Wanaomba walimu wafundishwe, vitabu vifike hadi vijijini, wavulana wasitolewe nje wakati wa somo, na inspekta anapopita aangalie daftari la Éducation à la vie kama anavyoangalia la hesabu.