Debe tupu haliachi kutika, wati za kweli zina uzito

Huenda sebuleni kwa babu yako kuna mtambo wa muziki wenye uso wa rangi ya fedha, vifungo vikubwa vya kuzungusha na kasha la mbao. Kabla hujautupa ili kupata nafasi ya televisheni, hebu jaribu kuunyanyua. Ukikushinda, uache papo hapo na usome makala haya.

Chombo hicho huitwa risiva. Ndani ya kasha moja mna redio na amplifaya, yaani sehemu inayoipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati, na hapo ndipo wateja walipokuwa wakihadaiwa.

Katika miaka ya 1960, watengenezaji wengi walitangaza wati ambazo mtambo ungetoa kwa kufumba na kufumbua tu. Debe tupu haliachi kutika, na madebe yalikuwa mengi sokoni. Mwaka wa 1974, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliingilia kati. Mtengenezaji alitakiwa kutaja wati ambazo mtambo hutoa mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, tena baada ya kuutia joto kwa saa nzima ukitoa thuluthi ya nguvu zake.

Usidhani thuluthi ni mzaha. Katika amplifaya nyingi za wakati huo, ni karibu na kiwango hicho ambapo transista hupata joto jingi zaidi.

Njia ya mkato ikawa imezibwa. Ilibidi transfoma iwe kubwa, kapasita za kuweka akiba ya umeme ziwe nene kama mikebe, na mabamba ya kutolea joto yawe mapana. Kampuni za Japani zikaanza kushindana. Mwaka wa 1976 Pioneer ilitoa SX-1250, wati 160 kwa kila upande. Miaka miwili baadaye ikaja SX-1980 ya wati 270, yenye uzito wa kilo 35 hivi. Technics nayo ikajibu kwa SA-1000 ya wati 330.

Je, unazihitaji zote hizo nyumbani? La. Kwa kusikiliza kwa utulivu, wati chache hutosha. Hata ukizidisha wati maradufu, sauti hupanda kwa dezibeli 3 tu. Raha ya mtambo mkubwa ni akiba yake. Ngoma inapolia kwa ghafla, amplifaya ndogo iliyofunguliwa mno hukwaruza sauti na huweza hata kuunguza spika. Ile kubwa hupita bila kuhema.

Lakini jihadhari. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mtambo uliotengenezewa soko la Marekani hutaka 120, nao ukiuchomeka ovyo utaungua. Soma kwanza maandishi ya nyuma. Usiufungue mwenyewe pia, kwani kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi anayeelewa, akague kapasita zilizozeeka na kusafisha vifungo.

Na siku utakapoona dukani kiredio chepesi kilichoandikwa wati elfu moja, kinyanyue kwa mkono mmoja, kisha umkumbuke babu.