Taa ya Mvuvi wa Dagaa

Katika vyombo vyote vya mvuvi wa dagaa, hakuna kinachoteswa kuliko taa. Wavu ukichanika hushonwa, mtumbwi ukivuja huzibwa kwa pamba na safari ikaendelea, lakini taa ni sharti ikae juu ya chelezo chake cha mbao tangu magharibi hata alfajiri, ikiyumbishwa na wimbi, ikirushiwa maji, ikizongwa na wadudu wa ziwani, na katika taabu yote hiyo isizimike. Kwani samaki waliokusanyika chini yake kwa kuifuata nuru hutawanyika mara inapokatika, na jasho la usiku mzima likaenda bure. Fauka ya hayo, kazi yenyewe hutegemea nyakati za giza, kwa kuwa mbalamwezi huishinda taa, na kwa hiyo taa iliyoharibika katikati ya giza humpotezea mwenyewe siku ambazo hazirudi mpaka mwezi mwingine.

Kwa miongo mingi mzigo huo ulibebwa na karabai, katika Ziwa Viktoria, katika Tanganyika na katika bahari ya Unguja kadhalika. Petromax, iliyo mashuhuri kupita nyingi, ilianza kutengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na tangi lake la lita moja ya mafuta ya taa huiwasha muda wa saa nane hivi. Nuru yake haitoki katika utambi wa kawaida, bali katika kifuko kidogo cha uzi kilichochovywa katika chumvi za madini ya thoriamu na seriamu, ustadi uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwishoni mwa karne ya 19. Kifuko kikiwashwa mara ya kwanza, uzi wote huungua ukaisha, na kinachobaki ni ganda jeupe lililoshika umbo lile lile, ambalo likipata moto wa mvuke wa mafuta hung'aa mno, lakini likiguswa kwa ncha ya kidole hubomoka. Hebu fikiri basi kitu cha namna hiyo kikielea katika mawimbi! Tone la maji baridi likipiga chemni iliyopata moto huipasua, na upepo ukipata mwanya kifuko huanguka vipande. Walakini karabai iliishi, na siri ya maisha yake, kwa maoni yangu, haikuwa ugumu bali wepesi wa kufunguliwa: kifuko kipya, chemni mpya, ngozi mpya ya pampu na sindano ya kuzibulia tundu la mafuta, vyote vilikuwa bidhaa za duka la kawaida, na mtu mwenye koleo na subira aliweza kuifufua mara nyingi.

Taa za LED, zinazotumia betri, ndizo zinazoishika nafasi hiyo siku hizi. Hazina moto, hazina chemni, wala hazinywi mafuta. Chembe zake zitoazo nuru huweza kudumu makumi ya maelfu ya saa, na muuzaji hakosi kulitaja jambo hilo; asilolitaja ni kwamba chembe hizo ni nadra kuwa za kwanza kufa. Hutangulia mpira wa kuzuia maji, waya, skrubu, kifaa cha kurekebisha umeme, na betri.

Juu ya sanduku la taa huandikwa alama ya IP na tarakimu mbili, ya kwanza ikieleza kinga dhidi ya vumbi na ya pili kinga dhidi ya maji. Taa ya IP67 haipitishi vumbi kabisa, na huweza kuzamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30. Ahadi hiyo ni njema, lakini mnunuzi na atazame jinsi inavyothibitishwa. Maji ya jaribio ni matamu na yametulia, na kanuni yenyewe huagiza kwamba joto la maji lisipishane na joto la taa kwa zaidi ya nyuzi 5. Ziwani mambo huwa kinyume. Taa imekwisha waka saa kadhaa, hewa ya ndani imepata joto na kutanuka, na sehemu yake imepenya nje. Ghafla wimbi baridi huipiga, hewa iliyobaki husinyaa, na taa hufyonza maji kupitia ufa wowote uliomo katika mpira. Asubuhi mvuvi huona ukungu nyuma ya kioo, akadhani ni umande. Watengenezaji waangalifu huzuia hayo kwa kutia tundu dogo lililofunikwa utando unaopitisha hewa na kukataa matone.

Bahari ina dhara lake la ziada. Lita moja ya maji ya bahari hubeba chumvi ya gramu 35 hivi, na alama ya IP haisemi neno juu ya chumvi. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikazwa katika bodi ya alumini humpendeza mnunuzi, kumbe maji ya chumvi yakiingia baina ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayolika: huanza unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, kisha rangi huvimba, kisha skrubu haifunguki tena ila kwa kuvunjwa. Waya wa shaba nao hugeuka kijani ndani ya ganda lake, mbali na mahali palipokatwa, kwa kuwa maji hupanda taratibu baina ya nyuzi zake. Kuisuuza taa kwa maji ya kisima kila asubuhi na kupaka grisi penye maungio ni kazi ya dakika chache, na ndiyo kazi inayosahauliwa.

Joto halina haja ya maneno mengi. Sehemu kubwa ya umeme wa LED hugeuka joto nyuma ya chembe, na lisipopata bamba la metali la kulitoa nje huvirudia vifaa vya ndani, ambavyo baadhi yake, kwa kanuni ya mafundi, umri wake hupungua karibu nusu kila joto linapozidi kwa nyuzi 10.

Betri ndiyo inayoua taa nyingi. Ile ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha ijazwe mara moja na injini. Ikikamuliwa usiku kucha mpaka taa ififie, bamba zake za risasi huchakaa upesi. Betri za lithiamu na fosfeti ya chuma huvumilia zaidi, ila hutaka chaja yake.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosifu taa zilizogandishwa kwa gundi zisifunguliwe daima. Inayofaa mwaloni ni ile ambayo mpira wake huuzwa peke yake, bisibisi ya kawaida huifungua, na betri hutoka bila kukata waya. Taa hizo zipo, lakini bei yake ni kubwa, na mwenye mtumbwi aghalabu huchagua ya rahisi. Na madhali gharama za safari kwa kawaida hutolewa katika mapato kabla ya mgao, baharia naye huilipia taa mbovu, ingawa hakuichagua.