Je, Wajua? Hesabu za Shanga za Ujiji

Je, wajua kwamba karne ya 19 sokoni Ujiji, Kigoma, samaki na unga vililipiwa kwa shanga zilizoitwa sofi? Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, alizifananisha na vipande vya kiko kilichovunjika. Soko likianza, wabadilishaji walizunguka na mikoba iliyojaa sofi wakiwabadilishia wanunuzi shanga za aina nyingine. Soko likiisha, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji.

Je, wajua shanga hizo zilitungwa 20 kwenye uzi mmoja, na nyuzi 10 zikafanya fundo? Fundo moja, basi, ni shanga 200. Mwenye shanga 1,257 alikuwa na mafundo 6, nyuzi 2 na shanga 17 za rejareja. Hatua ya kwanza inapanda kwa 20, ya pili kwa 10. Anayeona ni ajabu akumbuke saa yake: sekunde 60, dakika 60, kisha saa 24.

Je, wajua uzi wa 20 una njia ya mkato ya kujua kama namba inagawanyika kwa 19? Toa 19 kwenye kila uzi, inabaki shanga 1. Kwa hiyo hesabu kila uzi kama shanga 1, kisha jumlisha na za rejareja. Shanga 76 ni nyuzi 3 na shanga 16. 3 na 16 ni 19, basi 76 inagawanyika kwa 19 bila baki. Kanuni ya shuleni ya kujumlisha tarakimu ili kujua kama namba inagawanyika kwa 9 ni hiyohiyo, maana 9 imepungukiwa 1 kufika 10, kama 19 ilivyopungukiwa 1 kufika 20. Mtoto wa Kigoma angeielewa haraka zaidi akiwa na shanga mkononi kuliko akiikariri ubaoni.

Je, wajua 1-1-1 inaweza kuwa namba tasa? Kwa makumi haiwezi: 111 ni 3 mara 37. Sasa liache fundo, nyuzi nazo zikusanye 20 kwa 20 ziwe furushi. Furushi moja ni shanga 400. Ongeza uzi 1 na shanga 1, unapata 421. Hiyo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Na 21, yaani uzi 1 na shanga 1, ukiizidisha kwa yenyewe unapata 441: furushi 1, nyuzi 2, shanga 1. Ni sura ileile ya 11 mara 11, yaani 121.

Je, wajua kuhusu mfupa wa Ishango? Mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950 upande wa Kongo, kando ya Ziwa Edward, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu moja ya mikato iliyochongwa juu yake ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Jumla ni 60, dazeni 5 kamili. Kwamba aliyeuchonga alizijua namba tasa, mimi sioni ushahidi wa kutosha.

Lakini zipange kwa dazeni uone: 13 inabakiza 1, 17 inabakiza 5, 19 inabakiza 7, na 11 haijatimiza dazeni. Namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 3 haina baki jingine zaidi ya hayo manne: 1, 5, 7 au 11. Baki likiwa shufwa, namba inagawanyika kwa 2. Likiwa 3 au 9, inagawanyika kwa 3. Ijaribu 421: dazeni 35 ni 420, inabaki 1.