Fedha za Karafuu na Redio ya Nyumbani: Ubadili Nini Kwanza?



Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, fedha huingia nyumbani. Madeni hulipwa, mabati huongezwa, watoto hushonewa nguo. Kikibaki kidogo, wengi wetu huiangalia redio iliyo ukumbini na kusema, "Na hii imechoka. Tununue nyingine." Basi mtu hupanda gari mpaka Chake Chake au Wete, huingia dukani, akarudi na sanduku kubwa lenye taa za rangi. Siku ya kwanza kijiji kizima kinajua. Wiki ya pili mwenyewe anaona kuwa maneno ya nyimbo za taarab bado hayasikiki sawasawa. Kelele imezidi, lakini sauti haikuwa nzuri.

Sababu ni nini? Mara nyingi amebadili kitu ambacho hakikuwa kibovu, na kile kibovu amekiacha pale pale. Au amenunua kwa kusoma namba kubwa za mbele, bila ya kusoma namba ndogo za nyuma. Wewe leo unajua kusoma na kuhesabu. Kwa hiyo hebu tuisome redio yetu kabla hatujatoa fedha.

SAUTI INAPITA WAPI

Sauti ndani ya nyumba hupita vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni pale inapotoka: stesheni ya redio, kanda, simu, au ile kadi ndogo ya nyimbo. Kituo cha pili ni amplifaya. Kazi yake ni kuupa nguvu umeme mdogo sana unaobeba sauti. Mara nyingi amplifaya imo ndani ya redio yenyewe, huioni. Kituo cha tatu ni spika. Spika huugeuza ule umeme kuwa mtikisiko wa hewa, na hewa ndiyo inayofika sikioni.

Fikiri kisima, pampu na bomba. Kama maji ya kisima yana chumvi, pampu kubwa itakuletea maji mengi zaidi yenye chumvi. Haitayafanya matamu. Na kama bomba limeziba, pampu kubwa italipasua tu.

Katika vituo hivi vitatu, spika ndiyo inayoharibu sauti kuliko vyote. Amplifaya nzima isiyolazimishwa huipotosha sauti kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu 1 katika 100. Spika ndogo ya bei rahisi ikipigishwa besi kwa nguvu hupotosha mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo, ikiwa vitu vyako vyote ni vizima na fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua spika. Amplifaya iwe ya mwisho.

Lakini nimesema "ikiwa vyote ni vizima". Utajuaje?

KUTAFUTA KIBOVU

Tuseme mume anasema, "Mke wangu, upande wa kushoto umekufa. Amplifaya imeungua." Mke anajibu, "Baba watoto, hebu tubadilishane spika kwanza." Huyu mama amesema neno kubwa. Zima redio. Chukua spika ya kushoto uifunge kulia, na ya kulia uifunge kushoto. Washa. Ikiwa ububu umehama pamoja na spika, basi mgonjwa ni spika. Ikiwa ububu umebaki kushoto, spika ni nzima. Ugonjwa uko nyuma yake, katika amplifaya au waya unaoleta sauti. Kama sauti inatoka kwenye simu, badilisha na zile plagi za waya wa simu, ya kulia iende kushoto. Ububu ukihama safari hii, ubovu uko kwenye waya au simu. Usipohama, hapo ndipo useme amplifaya. Hujatumia hata shilingi moja.

Ukisikia mkwaruzo kila unapozungusha kitufe cha sauti, hilo ni vumbi. Fundi ana dawa ya kupuliza. Ukisikia sauti inakatika ukigusa waya, angalia viungo. Kwetu Pemba bahari haiko mbali na nyumba yoyote, na hewa ya chumvi hula shaba ikageuka kijani. Kata ncha ya waya iliyoota kijani, menya upya, funga tena. Redio iwe imezimwa na imechomolewa kabisa ukutani. Na usifungue sanduku la amplifaya: ndani huweza kubaki umeme hata baada ya kuchomoa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni rangi za waya. Nyuma ya amplifaya kuna tundu jekundu na tundu jeusi, na nyuma ya spika ni hivyo hivyo. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja tu, spika moja husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi hupotea, na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Watu wamenunua sabufa kwa sababu ya kosa hili. Kujaribu ni rahisi. Sogeza spika mbili ziwe karibu, piga wimbo wenye besi, kisha zima ugeuze waya za spika moja na usikilize tena. Namna ile yenye besi nyingi ndiyo sahihi.

MAHALI PA KUWEKA SPIKA

Neno stereo maana yake ni sauti ya pande mbili. Mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliomba haki ya uvumbuzi huu mwaka 1931. Tuna masikio mawili. Kwa hiyo spika mbili zikipewa sauti zinazotofautiana kidogo, sikio hudhani kuwa fidla iko kushoto, kanuni iko kulia na mwimbaji yuko katikati, ingawa katikati hapana kitu.

Sasa tazama nyumba zetu. Spika moja iko ndani, nyingine iko barzani kwa ajili ya wageni. Au zote mbili zimetundikwa juu karibu na mabati, kuku asizifikie. Simlaumu mtu, barza ni barza. Lakini hiyo si stereo tena. Aliye barzani anasikia nusu ya muziki. Kama unataka kugawa spika namna hiyo, tafuta kwenye redio yako palipoandikwa MONO, ubonyeze hapo, ili kila spika ipige sauti zote.

Kama unataka stereo ya kweli, ziweke spika zikiachana mita 2, na wewe ukae mita 2 kutoka kila moja. Hiyo ni pembetatu ya pande sawa. Zigeuze kidogo zikutazame. Ziwe usawa wa sikio: ukikaa mkekani, zishuke, ukikaa kitini, zipande. Usizisukume pembeni kabisa mwa chumba, maana pembe huongeza besi ikawa mvumo.

Kisha piga kofi moja ukumbini. Ukisikia kofi linajibu, chumba chako kina mwangwi. Sakafu ya saruji, ukuta uliopigwa lipu na paa la bati hurudisha sauti. Nyumba ya makuti hairudishi sana. Tandika jamvi, tundika pazia nene, weka mito, kisha piga kofi tena. Hapa wapo watakaocheka, lakini jamvi laweza kufanya kazi ambayo amplifaya mpya haiwezi.

WATI ZA MBELE NA WATI ZA NYUMA

Redio nyingi madukani zimeandikwa mbele kwa herufi kubwa: 1000 W PMPO. Geuza sanduku uisome nyuma. Utakuta maandishi madogo kama haya: 230 V, 50 Hz, 40 W. Maana yake kifaa hiki kinakula wati 40 kutoka ukutani. Je, kitu kinachokula 40 chaweza kutoa 1000? Haiwezekani, ila labda kwa kufumba na kufumbua. Herufi PMPO hazina kipimo wanachokubaliana watengenezaji wote, kila mmoja hujipimia anavyotaka. Namba ya kuamini ni ile yenye herufi RMS, na kama haipo, angalia kinachokula umeme, kisha ujue kuwa kinachotoka ni pungufu ya hapo.

Tena sikio letu halihesabu kama kalamu. Una amplifaya ya wati 10. Ukinunua ya wati 20, utasikia ongezeko dogo tu. Ili sikio likubali kuwa sauti ni mara mbili, unahitaji kiasi cha wati 100, yaani mara 10. Ndiyo maana mtu hulipa bei maradufu asione tofauti.

Spika nazo zina namba yao, huandikwa dB. Spika ya 90 dB kwa wati 10 itatoa sauti sawa na ile ambayo spika ya 87 dB hutoa kwa wati 20. Tofauti ni 3 tu kwenye karatasi, lakini umeokoa nusu ya nguvu.

Anayetumia sola ashike kalamu hapa. Waya wa umeme ulipita chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba mwaka 2010, lakini si kila nyumba imefungiwa umeme. Betri ya maji ya volti 12 na amp-saa 20 ina wati-saa 240. Ili isife mapema, tumia nusu tu, yaani 120. Kifaa kinachokula wati 40 kitazimaliza kwa saa 3. Kinachokula wati 20 kitakwenda saa 6. Mwenye spika ya dB nyingi hana haja ya amplifaya kubwa, na taa ya mtoto anayedurusu haizimiki.

Jambo la mwisho nyuma ya kifaa ni alama Ω, inayofanana na kwato. Inasomwa omu. Ikiwa amplifaya imeandikwa 8 Ω, ifungie spika ya 8 Ω. Ukifunga ya 4, au ukibananisha spika mbili za 8 katika tundu moja, amplifaya hupata moto na huweza kuungua.

KANDA ZA ZAMANI

Sasa nirudi kwenye kisima. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani mwaka 1958. Kwa hiyo wimbo wake hauna kushoto wala kulia, na hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachokupa pande mbili za kweli katika wimbo huo. Stesheni za mawimbi ya kati na mafupi ni hivyo hivyo, upande mmoja. Stesheni ya FM inaweza kuwa stereo, lakini ikishika kwa taabu utasikia mchirizo. Inyooshe antena kwanza, na ikishindikana bonyeza MONO, mchirizo utapungua.

Nyimbo za kwenye simu nazo zinatofautiana. Wimbo wa dakika 5 wenye MB 2 umebanwa mno, umepoteza sauti nyembamba. Wenye MB 9 au 10 kwa kawaida umebaki na mengi. Namba hiyo imo kwenye simu yako, isome.

Na zile kanda? Nyumba nyingi zina kanda ya harusi, ya Maulidi, ya sauti ya babu ambaye hayupo tena. Hiyo haiuzwi Chake Chake. Kama una fedha kidogo na kanda ya namna hiyo, mimi naona spika ingoje. Mpe fundi aihamishe sauti kwenye kadi, na ufanye nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Kanda yenye ukungu mweupe usiipige wala kuizungusha nyumbani; ipeleke kama ilivyo. Kabla ya kupiga kanda nzima, safisha kile kichwa cha chuma kinachoigusa kwa pamba na spiriti, uache kikauke. Na kanda usiziweke juu ya spika. Ndani ya spika kuna sumaku kubwa, na sumaku hufuta kanda.

UKIFIKA DUKANI

Chukua wimbo wako mwenyewe, ule unaoujua kila neno. Muuzaji atataka kukupigia wake wenye besi nyingi, na atafungua sauti mpaka mwisho. Mwambie kwa adabu, "Kaka, nipigie huu, na sauti ya kadiri." Sikiliza maneno kwanza. Je, "s" na "sh" zinatengana? Kanuni inasikika uzi kwa uzi, au imekuwa kama mchanga? Besi ina noti, au ni mvumo mmoja tu? Mpe mwenzako naye asikilize bila ya kutazama zile taa. Linganisha spika mbili kwa amplifaya moja, na kiwango kimoja cha sauti, maana ile inayopiga kwa nguvu zaidi hudanganya sikio ikaonekana nzuri.

Kisha geuza sanduku, soma wati, soma omu, linganisha na ulivyoandika nyumbani kwenye daftari. Ukilipa, dai risiti na uisome hapo hapo kabla hujatoka: tarehe, jina la kitu, bei, na siku ngapi unaweza kukirudisha kikiharibika.