Mafundi wa Bastola Wasiovuma

Jeshi la Marekani lilipoikubali rasmi, tarehe 29 Machi 1911, bastola iliyobuniwa na John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah na mwana wa fundi wa bunduki, lilikuwa limekwisha kuitia katika mtihani wa risasi 6,000, na silaha ile ikatoka salama pasipo kukwama hata mara moja. Wengi husoma habari hiyo wakadhani kuwa ushindi ule ulitokana na kubanana kwa vyuma vyake, ilhali sababu mojawapo kubwa ilikuwa kinyume cha hayo: vyuma viliachiwa nafasi kwa makusudi, ili mchanga, tope na masizi ya baruti yapate pa kwenda, na ili kipande kilichotoka katika kiwanda hiki kikubali kuingia katika bastola iliyotoka katika kiwanda kile. Zama za Vita vya Pili vya Dunia bastola hiyo ilitengenezwa hata na watu ambao kazi yao ya asili ilikuwa taipureta na ishara za reli; na kampuni ya Singer, ambayo cherehani zake hazina haja ya kuelezwa kwa mtu wa pwani yetu, nayo ilitengeneza 500, ambazo leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombania kwa fedha nyingi mno.

Lakini kulegea huko kulikomfaa askari hakukumridhisha mpiga shabaha. Juu ya mwili wa bastola hii ushikwao mkononi imo sehemu iendayo nyuma na kurudi mbele kila risasi itokapo, ambayo mafundi huiita slaidi, na ndani ya slaidi hukaa kasiba, mdomo wake umeshikwa na bushi na nyuma yake hujifunga na kujifungua kwa kila mpigo. Basi kasiba ikirudi mahali palipopotoka kwa unene wa unywele tu na pale ilipokuwa kwanza, risasi ya pili haitakwenda ilikokwenda ya kwanza. Kwa askari aliye hatua kumi mbele ya adui, hilo si kitu. Kwa mtu asimamaye katika mashindano ya Camp Perry, kando ya ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ambako wapiga shabaha wa taifa lile wamekuwa wakikutana tangu 1907, akanyosha mkono mmoja na kulenga duara lisilofika inchi 4 kwa umbali wa yadi 50, hilo ndilo linalompa ushindi au kumnyima. Kwa haja hiyo likazuka tabaka la mafundi, wengine wa jeshini na wengine wenye karakana nyuma ya nyumba zao, ambao amali yao ni kuichukua bastola ya kiwanda na kuifanya upya kwa mkono.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya nguvu. Fundi huchagua kasiba iliyoachwa nene kidogo kuliko ipasavyo, akaifunga katika jiliwa, akaipaka rangi, akaijaribu ndani ya slaidi, akatazama palipoguswa, akapiga tupa mara mbili au tatu, akaijaribu tena. Na huenda siku nzima ikapita juu ya kipande kimoja ambacho mnunuzi hatakiona maisha yake. Kisha ndipo huja kifyatulio, ambacho hakina budi kivutike kwa uzito ule ule kila mara na kukatika ghafla pasipo kukwaruza, na kilengeo, na mlango wa kuingizia chemba ya risasi. Hatimaye huja urembo wenye manufaa, yaani kuchora mistari ya kukingamana mbele ya mpini ili mkono usiteleze: walio mahiri huchora mistari 30 katika inchi moja, kila kijipembe kikasimama na ncha yake, na mstari mmoja ukipotoka hakuna wa kuurudisha, kwa kuwa chuma kilichokwisha kukatwa hakina toba.

Kwa miaka mingi sanaa hii ilikuwa ya watu wachache kama Armand Swenson wa California, aliyesifika kwa kizuizi cha usalama kinachofikiwa na kidole gumba cha mkono wowote. Mwaka 1976 Jeff Cooper na wenziwe walikutana Columbia, Missouri, wakaunda shirikisho la kimataifa la mashindano ya bastola yenye mwendo na haraka, na haja ya silaha zilizofanywa kwa mkono ikapanda maradufu. Mwaka uliofuata Bill Wilson, aliyekulia katika duka la familia yake la saa na vito katika mji mdogo wa Berryville, Arkansas, akaanza kutengeneza bastola katika chumba cha nyuma cha duka lile lile. Wala si ajabu, maana aliyezoea kamani na magurudumu ya saa amekwisha kujifunza nusu ya kazi. Leo chumba kile kimekuwa kampuni kubwa. Mabwana wengine waliovuma kwa namna hiyo, wasiotaka au wasioweza kuajiri watu, wamejikuta na foleni ya wateja inayokwenda miaka kadhaa mbele, na wako ambao wamefunga kabisa daftari la oda wasipokee jina jipya. Ndiyo sababu mtu mwenye busara, badala ya kungoja mpaka mvi zimwote, huanza kuuliza habari za wasiovuma.

Na kuuliza huko si jambo jipya. Bastola za jozi ambazo mabwana wa Kiingereza walizitumia kutetea heshima zao alfajiri uwanjani zilisifika zaidi zilipokuwa na jina la Joseph Manton wa London, aliyefariki 1835. Lakini katika karakana yake walifanya kazi watu ambao wakati ule hawakujulikana ila kwa wenzao, miongoni mwao James Purdey, na kasiba zake nyingine zilifuliwa na Charles Lancaster. Purdey alifungua duka lake mwenyewe mwaka 1814, na jina lake lingali juu ya mlango mpaka leo, hali ya kuwa Manton alifilisika. Kule Birmingham mambo yalikuwa hivyo zaidi: huyu alifua kasiba, yule alitengeneza mtambo, wa tatu alichonga kitako, na mwenye duka akapiga chapa yake juu ya jasho la wote. Bunduki zilizoshushwa Unguja katika karne ya 19, gumegume na za fataki, zilifika zikiwa na alama za nyumba za biashara. Waliozifanya hatuna majina yao hata moja.

Hali haijabadilika sana. Katika karakana kubwa za Marekani mwenye jina huenda asishike tupa tena, na mkono uliokamilisha bastola ni wa kijana wa benchi la tatu, ambaye akiondoka kwenda kujitegemea huchukua ustadi wote na kuacha jina. Fauka ya hayo, sheria ya kodi yenyewe huwapendelea wadogo: serikali hutoza asilimia 10 juu ya bastola, lakini mtengenezaji asiyefikisha silaha 50 kwa mwaka amesamehewa, na wako ambao kwa hiari yao hukataa kuvuka idadi hiyo. Mtu wa namna hii hana haja ya matangazo. Anao wateja wa kumtosha, na akipata mia hawezi kuwahudumia. Kwa hiyo si yeye atakayemtafuta mnunuzi.

Pa kumtafutia ni hapo wapiga shabaha wanapokusanyika. Mashindano ya Jumamosi ya wilaya, ambayo hayaandikwi na gazeti lolote, yana faida kuliko maonyesho makubwa ya biashara, kwa kuwa pale unaiona bastola iliyokwisha kupigwa maelfu ya risasi mkononi mwa mtu asiye na sababu ya kukudanganya. Usimwulize bastola yake imetoka wapi, maana atakutajia kiwanda. Mwulize ilipoharibika aliipeleka kwa nani. Jina likirudiwa na watu watatu wasiojuana, hilo lina itibari. Njia nyingine ni kwa walimu: chuo cha Trinidad, Colorado, kilianza kufundisha ufundi wa bunduki mwaka 1947, kikiwapokea askari waliorejea vitani, na mwalimu wa benchi hujua ni mwanafunzi gani wa miaka kumi iliyopita ambaye mkono wake ulimtia wivu. Wako pia mafundi wa jeshi waliostaafu, waliotunza silaha za timu za mashindano, nao aghalabu ni watu wa maneno machache na bei nafuu kuliko wanavyostahili.

Akishapatikana, kazi yake ipimweje? Mtazamaji mgeni huvutiwa na rangi na nakshi, na mimi naona hapo ndipo wengi wanapotapeliwa, kwa sababu mng'aro hupatikana kwa gurudumu la kusugulia katika muda wa saa moja. Mwenye macho hutazama kona. Mahali ambapo uso ulionyooka wa slaidi unakutana na ule wa mviringo pana ukingo, na fundi mzembe akisugua huumwaga ukingo ule ukawa kama sabuni iliyotumika, na herufi zilizopigwa katika chuma zikafifia pembeni; aliye stadi husugua kwa ubao na msasa, na ukingo ukabaki mkali. Vichwa vya skrubu visiwe vimetafunwa na bisibisi. Mistari ya mpini ikome mahali pamoja, si mmoja mbele na mwingine nyuma. Kisha ifunguliwe bastola ndani, maana aliyesafisha pasipoonekana yamkini hakuiba popote.

Kuna ubishi ambao haujaisha baina ya wapenzi wa silaha hizi, nao ni juu ya kubana. Wako wanaotaka bastola iliyobana hata slaidi haivutiki ila kwa nguvu, wakijifaragua kwa hilo, na wako mafundi wanaowapa wanachotaka kwa sababu ndicho kinachouzika. Maoni yangu ni kwamba huko ni kuidhulumu kazi ya Browning. Bastola ya kushindania duara la Camp Perry na ibane. Lakini ile ambayo mtu ataitegemea kwa uhai wake, ikiwa haiwezi kumeza vumbi kidogo na risasi za kila namna, basi ni pambo. Kadhalika kifyatulio: kanuni za mashindano ya duara huweka kiwango cha chini cha ratili 3 na nusu kwa bastola ya kaliba .45, na fundi anayejigamba kuwa atakupa chepesi kuliko hicho katika silaha ya kubeba mwilini hafai kupewa kazi, hata awe na mkono wa dhahabu. Fundi mwema hukataa oda. Mwulize ni ombi gani alilolikataa karibuni, na jibu lake litakueleza mengi kuliko picha zake.

Mapatano yaandikwe: nini kitafanywa, vipande vya nani vitatumika, malipo ya awali kiasi gani, na kama bastola itapigwa risasi karakanani kabla ya kurejeshwa. Anayeanza asipeleke silaha ya thamani. Apeleke bastola ya kawaida kwa kazi moja ndogo, ya kilengeo au ya kifyatulio, aone muda ulioahidiwa ulitimizwa au la. Na mafundi hawa wana kasoro iliyoenea, ambayo ni kuahidi miezi sita na kutoa baada ya kumi na minane, si kwa hila bali kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kuharakishwa.

Liko sharti lisilo na msamaha. Kwa sheria ya Marekani ya 1968, kila afanyaye ufundi wa silaha kwa biashara hana budi kuwa na leseni ya serikali kuu, ambayo ada yake ni dola 200 kwa miaka mitatu, na kuingiza katika daftari silaha za watu anazobaki nazo. Asiye na leseni, hata akisifiwa na mji mzima, aepukwe. Huku kwetu mlango ni mwembamba zaidi, chini ya sheria ya Tanzania ya 2015 na Sura ya 114 ya Kenya, na msomaji wa Tanga au Mombasa ataisoma habari hii kama habari ya sanaa ya watu wengine. Kule Marekani, mwenye bastola halali anaweza kuipeleka moja kwa moja kwa fundi mwenye leseni aliye katika jimbo jingine, na fundi akairudisha mkononi mwake bila ya kupitia kwa muuzaji wa mtaani. Bali akiinunua mpya kutoka kwa fundi huyo huyo, itampasa aipokee kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lake mwenyewe, ajaze fomu na kuchunguzwa jina kama mnunuzi mwingine yeyote.