Sakafu yenye kung'aa ndiyo ilimwangusha mama mukubwa

Leo niache mihogo kidogo, tuongelee sakafu.

Kwetu Kapalata, siku tulipopata sima ya kutosha, tulimwambia fundi alainishe varanda mpaka ing'ae kama sahani. Kila mugeni alisifu. Mvua moja tu, mama mukubwa akatoka na beseni la vyombo, mguu ukateleza, mkono ukavunjika. Wote tukasema: "Ni malapa yake." Hapana. Ni sisi.

Juu ya nini? Sakafu ikiwa kavu, hata ile laini inashika mguu vizuri. Ndiyo maana inatudanganya. Maji yakiingia, kisigino kinashuka haraka na maji hayapati wakati wa kukimbia. Unakanyaga utando wa maji, haukanyagi sima. Sakafu ya kukwaruza iko na vilele na mabonde madogo sana. Vilele vinatoboa ule utando na kushika soli, maji yanakimbilia mabondeni.

Vilele viwe na urefu gani? Shirika la Uingereza la afya na usalama kazini linapima toka bonde mpaka kilele kwa mikroni (1000 ni milimita 1). Kwa maji safi, inafaa kufika 20. Chini ya 10, hatari ni kubwa. Maji ya sabuni yanataka karibu 45, na mafuta kama ya zeituni 70, sawa na unene wa unywele. Sasa ona: pale tunapooshea sufuria za mawese, sabuni na mafuta vinakutana, na ndipo tunalainisha zaidi!

Kisangani iko karibu na ikweta, mvua yetu haina likizo ndefu. Basi chumba cha kulala kiwe laini, hakuna neno. Lakini varanda, bafu na pa kuoshea vyombo, mwambie fundi hivi: sima ikianza kukaza na maji ya juu yakiisha, apitishe ufagio mgumu, mistari ikate njia ya watu. Na aache mteremko kidogo, maji yasilale.

Halafu musugue. Ukijani na mafuta vinajaza mabonde, na miguu ya kila siku inakula vilele. Ila musizidishe: sakafu kali sana inaficha uchafu na kuchuna magoti ya watoto.

Varanda yetu tuliigongagonga na patasi. Haing'ai tena, wageni hawasifu. Lakini mama mukubwa anapita na beseni lake.

Kesho, mbele ya kwenda kozi, mwaga kikombe cha maji mlangoni kwenu. Shika ukuta, kanyaga polepole. Mguu wako utakujibu.